Picha ya Mtu wa Nne

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Msidhani naogopa. Ni kwamba mwaka ule jina lake lilikuwa limepelekwa kufanyiwa ukarabati, na mpaka leo mkandarasi hajalirudisha. Tuiite nchi yetu, inatosha.

Nchi yetu ilikuwa na wizara nyingi nzuri, lakini iliyopendeza kuliko zote ilikuwa Wizara ya Michezo, Ushindi na Mambo Yanayofanana na Hayo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hatushindwi. Timu ya taifa ikifungwa saba bila, wizara ilitoa tamko kwamba tumewapa wageni mabao saba kama ishara ya ukarimu wetu unaojulikana dunia nzima. Bondia wetu akianguka raundi ya kwanza, ilielezwa kwamba alilala kwa hiari yake, kupinga vurugu. Neno lenyewe, kushindwa, halikuwa limepigwa marufuku. Lilikuwa halitajwi tu, kama vile watu wenye adabu wasivyotaja choo wakiwa mezani.

Sasa ndani ya nchi ya namna hiyo, msichana mmoja akaamua kutengeneza picha ya sinema kuhusu mtu aliyeshindwa.

Msichana huyo aliitwa Asnath Mbogela. Alikuwa fundi wa kurekodi harusi, na alikuwa amechoka kupiga picha watu wanaojifanya wana furaha. Mtu aliyemtaka kwenye picha yake alikuwa Mzee Dunstani Kalamwa, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Kitunguu.

Habari ya kitunguu ilikuwa hivi. Zamani Mzee Dunstani alikwenda ng'ambo kukimbia mbio ndefu. Alikuwa mwanamichezo peke yake kutoka kwetu, lakini hakusafiri peke yake. Msafara ulikuwa na mkuu wa msafara, naibu wake, wake zao, kikundi cha ngoma, mtaalamu wa kupunga bendera na msaidizi wake wa upande wa kushoto. Chakula kilichotengwa kwa ajili ya wanamichezo kililiwa na msafara, kwa moyo wa kujitolea. Asubuhi ya mbio mkimbiaji alipouliza chai, mkuu wa msafara alimpiga bega kwa upendo akamwambia, "Kijana, tumbo tupu ni jepesi."

Na kweli lilikuwa jepesi. Dunstani aliongoza kwenye vilima, akaongoza darajani, akaingia mjini wenzake hata hawaonekani. Kisha, karibu kabisa na uwanja, akapita chini ya dirisha ambalo ndani yake mtu alikuwa anakaanga kitunguu. Kitunguu tu, hata nyama haikuwemo. Akakaa ukingoni mwa barabara kama mtu anayesubiri kupakuliwa. Watatu wakampita. Akainuka, akamaliza wa nne.

Wizara ilitangaza kwamba raia huyo ameiuza nchi kwa harufu. Tangu siku hiyo jina la Dunstani likafutika. Redioni alikuwa Kitunguu, sokoni Kitunguu, na mchungaji, mtu mpole kabisa, alimwombea "ndugu yetu Kitunguu apate kutubu". Mkewe alikufa akiitwa Mama Kitunguu. Watoto wa mtaani walirusha maganda juu ya ua, na mzee akaacha kutoka nje ya geti. Sauti yake nayo ikapungua mwaka hadi mwaka, mpaka akawa anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Mwanawe, Fanuel Kalamwa, alikuwa mwigizaji wa michezo ya redio. Kwa sababu ya jina la ukoo hakuruhusiwa kusema maneno, kwa hiyo kwa miaka mingi aliigiza milango. Mlango ukifunguka redioni kwa huzuni, ujue ni Fanuel. Watu waliokuwa hawamjui walikuwa wanalia kwa mlango tu.

Asnath alipomfuata, Fanuel alikuwa anapaka mafuta bawaba za kazi.

"Nataka umwigize baba yako," Asnath akasema.

"Kwa malipo gani?"

"Sina."

"Basi mimi nina sharti moja. Picha hii ikitoka, baba atoke nje ya geti, na mtu amwite kwa jina lake. Dunstani. Hata mtu mmoja. Hata mlevi."

"Mlevi nitakupatia," Asnath akasema. "Aliye timamu tutajaribu."

*

Lazima niwaeleze jinsi uigizaji ulivyokuwa ukifanyika kwetu, maana ulikuwa na kanuni. Shujaa akihuzunika alipaswa kupiga magoti. Akihuzunika sana alipaswa kupiga ngumi ukuta. Kilio kilitakiwa kisikike hadi viti vya nyuma, na makamasi yaliongeza alama. Kanuni hizo zilisimamiwa na Bodi ya Picha na Maadili ya Uso.

Fanuel hakufanya hata moja. Alipofika kwenye onyesho la kitunguu, alisimama chini ya dirisha akameza mate. Mara moja tu. Koo likapanda likashuka. Halafu akakaa chini taratibu, kwa aibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti kisicho chake. Asnath alisahau kusema "kata". Yule mama aliyekodishwa kukaanga kitunguu alizima jiko, akatoka nje na sahani.

"Mama, bado tunarekodi!" Asnath akamwambia.

"Rekodini baadaye. Huyu ana njaa."

"Anaigiza, mama!"

"Mwanangu, mimi nina watoto saba. Usinifundishe njaa."

Ilibidi Fanuel ale ndipo kazi iendelee, na wakarudia siku nyingine, mama mwingine, kitunguu kingine.

Onyesho la mwisho lilikuwa la nyumbani. Mkimbiaji amerudi, ameketi kizingitini, anafungua kamba za viatu. Mkewe anaosha vyombo. Bila kuinua kichwa anamsalimia kama wake wote wanavyosalimia jua likishapinda: "Umeshindaje, Baba Fanuel?"

Naye anamjibu, huku anahangaika na fundo la kamba: "Nimeshinda njaa."

Mke anafunika sufuria isiyo na kitu. Picha inaisha hapo.

Haya ndiyo maneno ambayo Mzee Dunstani aliyasema kweli siku aliyorudi kutoka ng'ambo, na Fanuel, mtoto mdogo chini ya meza, aliyasikia. Ninyi mnaojua kushinda njaa ni nini, hamhitaji kuelezwa. Msiojua, endeleeni kusoma kwa utulivu, kwa sababu hadithi hii inawahusu zaidi.

*

Mwenyekiti wa Bodi alikuwa Brigedia mstaafu Gwandumi, mtu aliyejua sanaa kwa sababu aliwahi kulinda jumba la maonyesho. Siku ya ukaguzi aliketi mbele kabisa, wajumbe nyuma yake, na Asnath na Fanuel wakasimama pembeni kama washtakiwa.

Picha ilipofika katikati, Brigedia aliinua fimbo. Ikasimamishwa.

"Huyu ataanza kuigiza lini?"

"Anaigiza sasa, Afande," Asnath akajibu.

"Mbona amekaa tu?"

"Amekaa kwa uchungu, Afande."

"Uchungu uko wapi? Sioni chozi, sioni kamasi."

"Analia kwa ndani."

"Kwa ndani!" Brigedia akawageukia wajumbe. "Mnasikia? Kwa ndani. Sasa Bodi hii itakagua vipi mambo ya ndani? Tumpasue?"

Mjumbe mmoja aliyependa kuonekana msomi akakohoa. "Kitaalamu, Afande, kijana huyu anaigiza chini chini."

Katika nchi yetu chini chini haikuwa na maana mbili. Watu wa mwisho kufanya jambo chini chini walikuwa wapishi wa chuo kikuu, waliolalamika juu ya mishahara, na mpaka leo wake zao wanaulizia walipo.

"Chini chini," Brigedia akarudia polepole. "Kijana, unaficha nini?"

"Sifichi kitu, Afande," Fanuel akasema.

"Mbona hupigi ngumi ukuta?"

"Baba hakupiga ukuta, Afande. Ukuta wetu ni wa makuti."

Brigedia akaweka fimbo mezani. "Sikilizeni. Katika nchi hii shujaa anashinda. Na lazima aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ameshinda. Sitaki kukisia. Asiposema, picha hii inakwenda jikoni kuwashia moto."

Fanuel akamtazama Asnath. Asnath akatazama viatu vyake, na kwa sauti ya mtu anayejaribu maji ya mto kwa kidole cha mguu, akasema, "Afande, mbona anasema? Mwishoni kabisa."

Wakarusha onyesho la mwisho. Umeshindaje, Baba Fanuel? Nimeshinda njaa.

Brigedia akasimama. "Rudisha!"

Nimeshinda njaa.

"Haya! Si huyo? Ameshinda! Tena hakuwashinda wakimbiaji wale peke yao, ameishinda njaa yenyewe! Kijana, kumbe una akili, unaificha tu!"

Wajumbe wakapiga makofi. Msiwalaumu. Hakuna aliyekosa mlo tangu ateuliwe, na maneno usipoyatumia yanaota kutu. Mjumbe mmoja mzee, aliyekulia kijijini, alikunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mjomba wake. Lakini wakati huohuo sambusa zikaletwa, akaacha.

Kilichobaki kilikuwa jina. Asnath alikuwa ameiita picha *Wa Nne*. Bodi ikaona hilo linavunja moyo, ikarekebisha: *Wa Kwanza, Sehemu ya Nne*. Ndiyo maana ilipotoka, watu walikwenda dirishani kuulizia sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mkata tiketi akawajibu kwamba hizo zilishapita, zilikuwa zinakimbia.

*

Picha ilipoonyeshwa, watu walikwenda kumcheka Kitunguu. Wengine walibeba maganda mfukoni. Lilipofika onyesho la dirishani na Fanuel akameza mate, nasikia ukumbi mzima ulimeza mate pamoja naye, ikasikika kama mtu mmoja mkubwa anakunywa maji. Ilipofika mwisho, mwanamke akauliza, mkimbiaji akajibu. Halafu mama mmoja viti vya nyuma akasema, bila hasira, kama anayeitikia salamu:

"Hata sisi."

Kutoka siku hiyo salamu ya mjini ikabadilika.

"Umeshindaje, jirani?"

"Kama yule wa kwenye picha."

"Na watoto?"

"Nao ni mabingwa."

Watu walicheka, si kicheko cha kushiba. Na kule nyumbani kwa Mzee Dunstani maganda yakaacha kurushwa. Siku moja mwuza mkaa alipita nje ya ua akasema, "Shikamoo, Mzee Ki..." akajing'ata ulimi, akamalizia, "Mzee." Fanuel alipoambiwa alikaa chini.

"Bado jina," akamwambia Asnath. "Nusu tumeshaipata."

*

Watu wa serikali wanaosikiliza mitaani (tunawaita wapelelezi, wenyewe wanajiita watafiti) wakapeleka taarifa juu kwamba wananchi wote, kuanzia stendi hadi machinjioni, wanasema wameshinda njaa. Taarifa ikapanda ngazi kwa ngazi, na katika kila ngazi mtu mmoja aliyejua maana yake akaona si kazi yake kueleza. Ikafika kwa Waziri, Mheshimiwa Profesa Eliezeri Tukufu, ikiwa safi kabisa.

Profesa Tukufu akalia kwa furaha, kwa kufuata kanuni zote. Jioni hiyohiyo alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Wakoloni hawakuimudu njaa! Majirani zetu hawajaimudu njaa! Lakini ninyi, kwa hiari yenu, bila kuambiwa na mtu, kila asubuhi na kila jioni, mmeshinda njaa! Nimeambiwa hata watoto wachanga wameshinda njaa! Nimeambiwa wazee kwa vijana, wagonjwa mahospitalini, wameshinda njaa jana, wameshinda leo, na kwa uwezo wa Mungu watashinda na kesho!"

"Amina," wakajibu watu mbele ya redio zao, kwa uchovu.

Kaulimbiu ya taifa ikawa TUMESHINDA NJAA. Ikapakwa kwenye madaraja, ikashonwa kwenye kanga, ikachapwa kwenye magunia ambayo hayakuwa na kitu. Hadi hapo hata mimi ningecheka. Lakini wiki iliyofuata Profesa akatangaza hatua ya pili. "Vita ikiisha," alisema, "jeshi hurudi kambini." Na jeshi lenyewe lilikuwa uji wa shule.

Uji ukakoma. Malori yakapita shule kwa shule kukusanya masufuria, yakayeyushwa, ikatengenezwa sanamu ya Njaa amepiga magoti, akiomba radhi. Sanamu ilitoka nzuri sana. Njaa alikuwa amenenepa.

Asnath na Fanuel walisimama ng'ambo ya barabara wakiitazama.

"Tumefanya nini sisi?" Fanuel akauliza.

"Tumetengeneza picha nzuri," Asnath akasema. "Ndiyo kosa."

*

Siku ya Ushindi ilipokaribia, Fanuel aliitwa ofisini kwa Waziri.

"Kijana," Profesa akamwambia, "utasimama uwanjani mbele ya taifa, useme yale maneno. Baba yako utakuja naye. Mimi, kwa kinywa hiki, kwenye kipaza sauti hiki ninachokiamini, nitamrudishia jina lake. Dunstani Kalamwa. Kitunguu kitakuwa cha mchuzi tu."

Fanuel akaanza kushukuru.

"Lakini!" Waziri akainua kidole. "Utasema kwa sauti. Mikono juu, kifua mbele. Siyo ile ya kunong'ona kama unamwazima jirani chumvi."

"Mheshimiwa, maneno yale..."

"Maneno yale yanafanya nini?"

Fanuel akamwona akilini baba yake kwenye ua, amegeuza uso ili asionwe na wapita njia. "Hayafanyi kitu, Mheshimiwa. Nitasema."

Asnath aliposikia alimkazia macho. "Utawapigia kelele kuhusu njaa, na wale watoto umewaona?"

"Nimekuwa mlango maisha yangu yote, Asnath. Baba ana siku ngapi? Acha niwe redio mara moja."

*

Uwanja ulijaa tangu alfajiri, kwa sababu watu waliletwa. Katikati, juu ya nyasi, wanafunzi walilazwa kwa ustadi mkubwa ili miili yao iandike TUMESHINDA NJAA, isomwe na Waziri kutoka jukwaani. Waziri alichelewa, kama inavyostahili. Jua likapanda. Ilipofika saa ya msafara wake kuingia, watoto wa herufi J walikuwa wamezimia, wakabebwa, na maandishi yakabaki TUMESHINDA N AA.

"Wamezidiwa na furaha," mtangazaji akaeleza.

Mzee Dunstani alifika kwa gari la wizara, amevaa koti alilofungia ndoa. Alishuka akishika mlango, akatazama watu wote wale, akauliza kwa sauti yake ile ndogo, "Fanueli, hawa wamekuja kunicheka?"

"Hapana, baba. Leo hapana."

Profesa Tukufu akahutubia. Sitairudia hotuba, nawahurumia. Lakini mwishoni, ni kweli, alitimiza ahadi. Alinyoosha mkono akanguruma, "Na huyu hapa ni baba wa ushindi wetu, ndugu DUNSTANI KALAMWA!"

Uwanja ukaitikia, "Dunstani!"

Mzee akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Kisha akaelewa. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

Fanuel akaenda kwenye kipaza sauti. Akainua mikono. Akatanguliza kifua. Mwigizaji bora kupata kutokea katika nchi yetu akafumba macho na kubweka, "NIMESHINDA NJAAA!" na kwa kuhakikisha, akapiga ngumi ukuta wa jukwaa.

Brigedia Gwandumi alifuta machozi. "Sasa ndiyo ameanza kuigiza," alisema.

Uwanjani hakuna aliyepiga makofi. Walimwangalia tu, kama unavyomwangalia rafiki yako uliyemkuta akila peke yake.

Waziri, aliyezoea kimya cha heshima, hakuona tatizo. Akampelekea mzee kipaza sauti. "Mzee Dunstani! Waambie vijana wetu. Siku ile ya mbio, ilikuwaje?"

Mzee hakumtazama Waziri. Alikuwa anatazama pale palipokosekana J, na watoto waliobaki wamelala wamefumba macho. Hakuinua sauti, lakini kipaza sauti cha wizara kilikuwa cha nguvu, kikamchukua hadi kwenye miti ya nje.

"Nilishindwa," akasema.

Mpiga ngoma wa bendi akashusha vijiti.

"Nilikuwa wa nne. Nilikuwa na njaa. Na hawa watoto wana njaa." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na huyu mwanangu leo ameigiza vibaya sana. Msimsikilize."

Akakirudisha kipaza sauti kwa adabu, mikono miwili, na bendi ikapiga wimbo wa taifa mara tatu mfululizo.

*

Gazeti la serikali, *Habari Njema Tupu*, lilikuwa na mhariri mwenye mke, watoto na mkopo. Alikaa na maneno ya mzee mbele yake akitokwa jasho, kisha akaondoa herufi moja, ya kumi, W. Asubuhi gazeti likatoka na kichwa kikubwa: NILISHINDA, ASEMA MZEE.

Waziri alipoliona akaita wataalamu.

"Chunguzeni," aliwaambia. "Miaka yote tunapambana na kushindwa, kumbe ni herufi moja! Iondoe, mtu anashinda. Adui wetu hakuwa njaa. Ni W!"

Basi ikatoka sheria. W ya mwishoni mwa vitenzi ikafutwa nchi nzima. W ya Waziri, kwa kuwa iko mwanzoni, ikaachwa ilipo. Wananchi hawakupigwa tena, walipiga. Hawakudanganywa, walidanganya. Mama mmoja aliyevunjwa mkono na mgambo alikwenda kituoni kushtaki, na kwa kuwa ilimlazimu kusema kwamba amevunja mkono, akaulizwa ni mkono wa nani, akawekwa ndani. Mzee mwingine aliyeibiwa kuku aliandika, kwa kufuata sheria, kwamba ameiba kuku. Jela ikajaa watu wakweli.

Fanuel walimchukua akiwa redioni, katikati ya mlango. Kosa lake lilikuwa kumfundisha baba yake kuigiza chini chini. Asnath alivuka mpaka siku hiyohiyo akiwa ndani ya gari la harusi, kamera ameivika shela. *Habari Njema Tupu*, ambalo lilitakiwa kuwaambia wananchi kwamba Fanuel amefungwa, likaandika kwa mujibu wa sheria: FANUEL AMEFUNGA. Vijana wa mpira wakashangilia, wakauliza ni bao la dakika ya ngapi. Watu wa dini wakasema Mungu aipokee saumu yake.

Mzee Dunstani hakushangilia wala hakusema amina. Alivaa koti lake, akafungua geti mwenyewe, akatembea hadi jela.

Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye nia njema, sheria ameikariri. Alitaka kumwuliza mzee jina lake. Lakini katika nchi yetu mtu hakuitwa tena. Alibakiwa na haki ya kuita tu.

"Mzee," akasema, kalamu mkononi, "unaita nani?"

Mzee akafikiri. Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa na serikali.

"Namwita mwanangu," akajibu. Akaugeukia ukuta, akajaza kifua. "Fanueli!"

Sauti ilitoka na kutu. Akakohoa, akaita tena, na safari hii ikavuka ukuta. Ndani kelele zote zikakatika.

Askari aliinuka haraka. Kulikuwa na neno kwa ajili ya mambo kama haya, alilofundishwa siku ya kwanza ya kazi, lilikuwa limeandikwa hata ukutani nyuma yake: hairuhusiwi. Akageuka kulisoma. Mafundi walikuwa wameshapita wakaibandua W, na kilichobaki hakikuwa neno. Akajaribu imekatazwa. Akajaribu imeagizwa. Yote yalikuwa na ile herufi. Angeweza kusema "mimi nakukataza", sheria ilimruhusu kabisa, lakini tangu aanze kazi ya serikali hakuwahi kumsikia mtu yeyote akianza kukataza kwa kusema mimi, na ulimi wake haukuijua njia.

"Fanueli!" mzee akaita.

Kijana akabaki amesimama kwenye jua, mdomo wazi, anatafuta neno.